Paul Ehrlich na Risasi ya Ajabu

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo, kila nimsikiapo mwalimu akidai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sayansi, mimi humkumbuka Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa mwaka wa 1854 katika mji wa Strehlen, uliokuwa Prussia na ambao leo umo nchini Poland. Akisomea udaktari, alivutiwa mno na rangi za viwandani za kutilia nguo. Aliona kuwa rangi moja hushika seli za aina fulani na kuziacha nyingine bila doa. Basi, ikiwa rangi hujua pa kushika, kwa nini dawa isijue?

Kifua kikuu kilipompata, alikwenda Misri kutafuta nafuu. Aliporejea Ujerumani alichunguza jinsi damu inavyojihami dhidi ya sumu za viini, akabuni namna ya kuaminika ya kupima nguvu za dawa ya dondakoo. Mwaka wa 1891 alilitumia neno lililounganisha kiambishi cha ukinzani na neno la kawaida la Kijerumani lenye maana ya mwili. Sisi twasema kingamwili, na kwa maoni yangu neno letu laeleza kazi yenyewe waziwazi zaidi.

Dawa aliyoiwazia aliiita risasi ya ajabu: impige adui, imwache mgonjwa salama. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 pamoja na Ilya Mechnikov. Mwaka uliofuata, yeye na Sahachiro Hata waligundua kuwa kemikali nambari 606 hutibu kaswende. Lakini ilikuwa na aseniki, nayo iliweza kumdhuru mgonjwa. Ehrlich alifariki mwaka wa 1915, risasi yake ikiwa bado haijakamilika.

Mwaka wa 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya itoayo kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Wakapata kingamwili za aina moja tu, tena kwa wingi. Nami napendekeza tuziite kingamwili za ukoo mmoja. Leo hizo hutibu baadhi ya saratani za matiti, hutambua mimba, na hutumika katika vipimo vya haraka vya malaria kwenye zahanati zetu.

Enyi walimu wenzangu, jina la risasi lilitangulia risasi yenyewe kwa zaidi ya nusu karne, likawaonyesha watafiti walenge wapi. Tusimnyime mwanafunzi wetu maneno ya kuwazia kwa kisingizio kwamba lugha yake haijawa tayari.