Siti Binti Saad na Kuthaminiwa kwa Muziki wa Nyumbani

1.0 Utangulizi

Katika historia ya muziki wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, suala la nani anastahili kusikilizwa limekwenda sambamba na suala la lugha ipi inastahili kuimbwa. Maisha ya Siti binti Saad, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, yanabainisha jinsi masuala hayo mawili yalivyokutana kwa mtu mmoja. Siti alikuwa mfinyanzi wa shamba, hakujua kusoma wala kuandika, na nasaba yake ilikuwa ya watumwa. Hata hivyo, yeye na wenzake ndio walioipa taarab ya Kiswahili hadhi mbele ya watu wa tabaka zote. Hadhi hiyo haikuanzia kwa wakubwa, wala haikuletwa kutoka nje. Ilianza kwa wasikilizaji wa kawaida, waliosikia katika nyimbo zake lugha yao na mambo yao.

2.0 Chimbuko

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake kabla yeye mwenyewe hajasema neno. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wakati Siti angali msichana. Lakini sheria hiyo haikufuta dharau iliyoandamana na nasaba ya namna hiyo.

Kazi aliyoijua ilikuwa ufinyanzi. Alikuwa akichukua vyungu kwenda kuviuza, na njiani aliimba ili kuwaita wanunuzi. Hivyo, kabla ya kuwa msanii alikwisha kuwa sauti inayofahamika. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akitafuta maisha yaliyo bora kuliko yale ya kuuza vyungu.

3.0 Kuingia katika Taarab

Taarab aliyoikuta mjini ilikuwa bado ina sura ya kasri. Kwa mujibu wa masimulizi, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri ili ajifunze muziki wa huko. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, cha wanaume, ambacho kiliimba kwa Kiarabu. Uzuri wa muziki ulipimwa kwa mizani ya Cairo, na Kiswahili, ingawa kilikuwa lugha ya kila nyumba, hakikuhesabiwa kuwa lugha ya fani hiyo.

Mjini Siti alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha uimbaji. Baadaye alishirikiana na Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, wakawa kundi moja. Walipiga ala zilezile zilizopigwa na wengine, nazo ni udi, fidla na ngoma ndogo za mkono. Siti hakukikataa Kiarabu; alikiimba pia. Lakini sehemu kubwa ya kazi za kundi lake ilikuwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo mizani ilipobadilika. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilichukua nafasi ya Mtumwa.

Maudhui nayo yalibadilika. Pamoja na mapenzi, kundi lilitunga nyimbo kuhusu kesi zilizozungumzwa mitaani. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Zanzibar akiwa mgeni, muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku hiyo. Kwa watu wa Ng'ambo, ambao hawakuwa na sauti mahakamani, wimbo kama huo ulikuwa burudani na vilevile hukumu ya pili, iliyotolewa na jamii yenyewe.

Mafanikio hayo yalizaa husuda. Wapinzani walimkejeli kwa sura yake, na kwa kuwa alikuja mjini kutoka shamba akiwa maskini, mchukuzi wa vyungu. Siti alijibu kwa wimbo, akishikilia kwamba thamani ya mtu imo katika akili na tabia yake, si katika sura wala nasaba.

4.0 Sauti katika Santuri

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Sahani hizo zilipata wanunuzi wengi mwambaoni, hata kundi likarudi Bombay mwaka 1929. Mwaka 1930 mambo yaligeuka: badala ya wasanii kuifuata mitambo, mitambo iliwafuata wasanii Zanzibar. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Bombay ndiyo iliyomfanya Siti athaminiwe. Kampuni ilinunua thamani ambayo wasikilizaji wa Unguja walikwisha kuitambua kwa miaka mingi.

5.0 Hitimisho

Siti alifariki mwezi Julai, 1950. Miezi michache kabla ya hapo, Shaaban Robert alikutana naye na kumhoji, na mazungumzo hayo yakawa msingi wa Wasifu wa Siti Binti Saad. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliziendeleza nyimbo za Siti hadi alipofariki mwaka 2013. Aidha, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Pamoja na heshima zote hizo, limebaki pengo. Kati ya mwaka 1911 na 1928 kuna miaka 17 ambayo haimo katika sahani yoyote. Hiyo ndiyo miaka ambamo wasikilizaji wasio na cheo walijifunza kuupenda muziki wao wenyewe, bila kungoja idhini ya mtu. Yeyote atakayetafiti historia ya taarab kwa kutegemea santuri peke yake atayakuta matunda ya uamuzi huo, lakini hatawasikia watu waliouamua.