Jenatzy: Mbelgiji aliyeketi juu ya shehena ya betri

KABLA ya petroli kutawala barabara, gari lenye kasi kuliko yote duniani liliendeshwa kwa umeme, na aliyeshika usukani wake alikuwa Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, Camille Jenatzy. Alizaliwa mwaka wa 1868 huko Schaerbeek, karibu na Brussels, mwana wa mwenye kiwanda cha bidhaa za mpira. Alisomea uhandisi, kisha akajitosa katika biashara ya kuunda teksi na malori ya umeme jijini Paris.

Mpinzani wake alikuwa kabaila wa Kifaransa, Gaston de Chasseloup-Laubat. Mnamo Desemba 1898, kabaila huyo alifikia kasi ya kilomita 63 kwa saa katika barabara ya Achères, nje ya Paris. Januari iliyofuata Jenatzy alimjibu kwa 66, akapitwa siku iyo hiyo, akarejea siku kumi baadaye na kufikia 80. Kufikia Machi, mpinzani alikuwa amepaa hadi 92.

Jibu la Jenatzy lilikuwa gari jipya, La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe. Bodi yake ilichongoka mbele na nyuma, nayo ilifinyangwa kwa mchanganyiko mwepesi wa alumini. Mota mbili zilizungusha magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Kazi ngumu ilikuwa betri. Mota zilidai volti 200, ilhali seli moja ya betri ya risasi hutoa takribani volti 2 tu; hivyo seli mia moja hivi zilipaswa kupangwa na kuunganishwa kwa mfululizo tumboni mwa gari. Fundi yeyote wa leo anayegeuza gari la petroli kuwa la umeme anaijua adha hiyo: masanduku ya betri yakikaa juu mno gari huyumba, yakilegea nyaya huchomoka, na asidi ikimwagika hula chuma.

Gari zima lilikuwa na uzito wa takribani kilo 1,450. Betri zilipomaliza nafasi, dereva hakuwa na budi kuketi juu yake, kifua wazi kwa upepo, na umbo lililobuniwa kukata hewa likapoteza sehemu ya faida yake. Hata hivyo, mwaka wa 1899 Jenatzy alifikia kilomita 105.88 kwa saa. Hakuna gari lililokuwa limewahi kupita 100. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1902, ilipovunjwa na gari la mvuke la Léon Serpollet.

Jenatzy mwenyewe aliuacha umeme. Mwaka wa 1903 alishinda Kombe la Gordon Bennett nchini Ireland kwa Mercedes ya kuazima, baada ya magari yaliyoandaliwa kwa mashindano kuteketea kiwandani.

Mzaha ndio uliomwua. Akiwa mawindoni na marafiki Desemba 1913, alijificha kichakani akaiga sauti ya mnyama. Rafiki yake Alfred Madoux, mkuu wa gazeti la L'Étoile Belge, akafyatua bunduki. Jenatzy alivuja damu hadi kufa akikimbizwa hospitalini kwa gari. Alikuwa na umri wa miaka 45.