August Bier, mganga aliyeumwa kichwa siku tisa kwa ajili ya sindano ya mgongo

Mama anayezaa kwa kupasuliwa, Likasi kama kwingineko, mara nyingi huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Miguu inalala, yeye yu macho, na kilio cha mtoto anakisikia. Aliyefungua njia hiyo ni August Bier, mganga mpasuaji wa Ujerumani.

Bier alizaliwa tarehe 24 Novemba 1861 huko Helsen. Baadaye alifanya kazi mjini Kiel chini ya profesa Friedrich von Esmarch. Siku zile wagonjwa walilazwa usingizi kwa klorofomu au eta, na wengine hawakuamka tena. Bier akatafuta namna ya kutia ganzi sehemu ya mwili tu.

Tarehe 16 Agosti 1898 alimchoma kibarua wa miaka 34, mwenye kifua kikuu cha kifundo cha mguu, kokaini kidogo ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo. Mguu ulipasuliwa bila maumivu. Lakini saa chache baadaye mgonjwa alitapika na kulalamikia kichwa.

Bier alitaka kujua sababu. Tarehe 24 Agosti alimwambia msaidizi wake Hildebrandt amchome yeye mwenyewe. Bomba la sindano halikuingiana na sindano, maji mengi ya uti yakamwagika, jaribio likashindwa. Ndipo Bier akamchoma Hildebrandt. Miguu yake ilikufa ganzi hata pigo la nyundo ya chuma kwenye muundi halikumuuma.

Usiku walikula na kunywa divai. Kisha deni likaja. Hildebrandt alitapika na kuumwa kichwa. Bier alilala siku tisa: akiinuka kichwa kinapasuka, akilala kinatulia. Hapo alihisi kwamba kisa ni maji yaliyovuja, na alihisi sawa. Aliona pia kwamba kokaini ni sumu, akashauri waganga wangoje dawa iliyo salama zaidi. Novokaini ya Alfred Einhorn ilipopatikana, aliirudia kazi hiyo. Mwaka 1908 alianzisha ganzi ya mkono kupitia mshipa wa damu, ambayo hadi leo ina jina lake. Alifundisha Berlin tangu 1907, akafariki tarehe 12 Machi 1949 huko Sauen, alikopanda msitu mkubwa.

Leo sindano ni nyembamba na dawa ni bora, lakini kichwa cha Bier bado kinawapata wengine. Si ulozi. Kwa kawaida kinapona, ila mganga aambiwe. Miguu ikibaki dhaifu baada ya saa nyingi, mkojo ukikataa kutoka, au homa ikija na shingo kukakamaa, hakuna kungoja kesho. Na anayechomwa ganzi, akisikia masikio yanalia au ulimi unakufa ganzi, aseme papo hapo: huenda dawa imeingia kwenye damu, na inaweza kuleta degedege.