Santiago Ramón y Cajal

Santiago Ramón y Cajal (1 Mei 1852 – 17 Oktoba 1934) alikuwa tabibu na mwanasayansi kutoka nchi ya Hispania. Alichunguza hasa maumbo ya seli za neva katika ubongo na katika ugwe wa mgongo, yaani kamba laini ya neva inayopita ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Alionyesha kwamba mfumo wa neva umejengwa kwa seli zinazojitegemea, kila moja ikiwa na mipaka yake, wala si wavu mmoja ulioungana. Mwaka wa 1906, pamoja na Camillo Golgi wa Italia, alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

## Maisha ya awali

Cajal alizaliwa katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa daktari mpasuaji wa vijijini. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Tangu utotoni alipenda kuchora kuliko kusoma, akataka kuwa msanii, lakini baba yake alimkatalia. Kwa sababu ya utundu wake shuleni alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Akiwa na umri wa miaka 11 alifungwa kwa siku chache baada ya kuvunja lango la jirani kwa mzinga aliojitengenezea mwenyewe.

Mwaka 1868 baba yake alianza kumfundisha anatomia kwa kutumia mifupa waliyoiokota makaburini. Kijana aliichora mifupa hiyo, na kwa njia hiyo kipaji chake cha uchoraji kikamwingiza katika tiba. Alihitimu masomo ya udaktari mjini Zaragoza mwaka 1873.

## Daktari wa jeshi na mwalimu

Mwaka 1874 alipelekwa Kuba, iliyokuwa koloni la Hispania, akiwa daktari wa jeshi wakati wa vita vya kudai uhuru. Huko aliugua malaria vibaya, akarudishwa nyumbani mwaka 1875. Baadaye aliugua pia kifua kikuu, akapona. Kwa akiba ya mshahara wake alinunua hadubini, akaanza kujifunza histolojia, yaani elimu ya tishu. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás García.

Kisha akawa profesa mjini Valencia. Kipindupindu kilipoenea mwaka 1885, serikali ya mkoa wa Zaragoza ilimtaka auchunguze ugonjwa huo, na kwa shukrani ikampa hadubini bora ya kampuni ya Zeiss. Hadubini hiyo ilimwezesha kufanya kazi kwa ubora uleule wa maabara kubwa za Ulaya.

## Njia ya Golgi

Mwaka 1873 Golgi alikuwa amegundua njia ya kutia rangi tishu za neva kwa dikromati ya potasiamu na nitrati ya fedha. Seli chache tu hugeuka nyeusi, pamoja na matawi yake yote, na nyingine hubaki bila rangi. Uchache huo ndio faida yake: kama seli zote zingeshika rangi, kisingeonekana kitu ila weusi mtupu.

Cajal alionyeshwa vipande vya namna hiyo mjini Madrid mwaka 1887 na daktari Luis Simarro. Mwaka huohuo alihamia Barcelona, akaiboresha njia hiyo kwa namna mbili. Kwanza, alirudia kutia rangi mara ya pili. Pili, alitumia viinitete vya ndege na wanyama wachanga, ambao nyuzi zao ni fupi na bado hazijafunikwa na mielini, ala ya mafuta inayozuia rangi. Mwaka 1888 alianzisha jarida lake mwenyewe kwa gharama zake, akichapa nakala chache na kuzituma kwa wataalamu wa nchi nyingine.

## Uchunguzi wa ugwe wa mgongo

Wakati huo wataalamu wengi, Golgi akiwemo, waliamini kwamba nyuzi za neva huungana kuwa wavu mmoja. Wilhelm His na Auguste Forel walikuwa wametilia shaka wazo hilo, lakini ushahidi wa macho ulikuwa haba. Cajal aliupata kwanza katika ubongo mdogo wa ndege, kisha katika ugwe wa mgongo. Humo alitofautisha aina mbalimbali za seli kwa kufuata mahali aksoni ya kila moja inapokwenda:

* Seli za hisi, ambazo miili yake iko nje ya ugwe. Uzi wake huingia kwa nyuma, hugawanyika mara mbili, tawi moja likipanda na jingine likishuka, na kutoa vitawi vinavyoishia karibu na seli nyingine.
* Seli za mwendo, zilizo sehemu ya mbele, ambazo aksoni zake hutoka nje kwenda kwenye misuli.
* Seli ambazo aksoni zake huvuka kwenda upande wa pili wa ugwe.
* Seli ambazo aksoni zake hupanda au kushuka upande uleule na kuunganisha ngazi mbalimbali za ugwe.
* Seli zenye aksoni fupi, ambazo huishia jirani.

Ramani hiyo ilisaidia kueleza matendo ya kawaida. Mtu akikanyaga mwiba, habari huingia kwenye ugwe kwa seli za hisi, hupitia seli za kati, na kutoka kwa seli za mwendo. Mguu huondolewa kabla mtu hajatambua maumivu. Mwaka 1891 Cajal alitoa kanuni kwamba habari husafiri upande mmoja: huingia kwa dendriti na mwili wa seli, hutoka kwa aksoni.

Mwaka 1889 alisafiri kwenda Berlin kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Ujerumani, akawaonyesha vipande vyake chini ya hadubini. Albert von Kölliker, mmoja wa wataalamu wakubwa wa Ulaya, alisadiki na kumsaidia kujulikana. Mwaka 1890 Cajal alieleza ncha inayokua ya aksoni, aliyoiona katika ugwe wa kiinitete cha kuku. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer aliipa seli ya neva jina la neuroni.

## Madrid na Tuzo ya Nobel

Mwaka 1892 Cajal akawa profesa mjini Madrid. Kitabu chake kikuu juu ya mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo kilitolewa kati ya 1899 na 1904.

Walipopewa Tuzo ya Nobel, Golgi alitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya neuroni. Ubishi ulimalizika miaka ya 1950, wote wawili wakiwa wamekufa, hadubini ya elektroni ilipoonyesha nafasi nyembamba kati ya seli na seli. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya neuroni zina vijia vidogo vya kuunganika, lakini kila moja hubaki seli kamili.

Katika vitabu vya 1913 na 1914 Cajal alieleza kwamba neva za mikono na miguu zikikatwa zinaweza kukua tena, lakini nyuzi za ugwe wa mgongo huanza kuchipua kisha hukwama. Ndiyo sababu mtu aliyekatika ugwe kabisa, kwa ajali ya barabarani au kwa kuanguka kutoka mnazini, hubaki amepooza. Tatizo hilo bado halijapatiwa tiba.

Alistaafu mwaka 1922, akafariki Madrid mwaka 1934.

## Urithi

Mwaka 1952 Bror Rexed wa Uswidi aligawa maada ya kijivu ya ugwe wa paka katika tabaka kumi, mgawanyo unaotumika pia kwa binadamu. Siku hizi watafiti huainisha seli za ugwe wa binadamu kwa kupima jeni zinazofanya kazi katika kila seli, wakitafuta kujua kwa nini baadhi ya magonjwa huua seli za mwendo na kuacha nyingine. Michoro ya Cajal bado inachapishwa katika vitabu vya masomo. Mwaka 2017 hifadhi ya nyaraka zake na za wanafunzi wake iliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO.