Albrecht Dürer, mtoto wa sonara aliyewaandikia mafundi

Kalenda nyingi za mezani ni kadi zilizofungwa kwa waya. Ipo nyingine isiyohitaji waya wala msumari. Ni karatasi moja ngumu inayokatwa, kukunjwa na kugandishwa kwa gundi mpaka iwe umbo la pande 12, kila upande na mwezi wake. Ukiandika pia namba 1 hadi 12, kalenda hiyohiyo inakuwa dadu. Namna ya kupata umbo kama hilo kutoka kwenye karatasi bapa ilichapishwa takriban miaka 500 iliyopita na mchoraji wa Ujerumani, Albrecht Dürer.

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471 katika mji wa Nuremberg. Baba yake alikuwa sonara aliyehamia hapo kutoka Hungaria. Wasikilizaji wetu wa Nyamongo wanajua jinsi dhahabu inavyotolewa ardhini. Kwa kina Dürer kazi ilikuwa kuiyeyusha, kuigonga na kuitia nakshi. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, lakini waliofika utu uzima ni watatu tu.

Kijana Albrecht alianza kujifunza usonara kwa baba yake. Mkono wake ukapenda zaidi kuchora, na mwaka 1486 baba akakubali kumpeleka kwa mchoraji Michael Wolgemut, ambaye karakana yake ilitengeneza pia picha za vitabu. Huko picha ilichorwa juu ya ubao, sehemu zisizotakiwa zikachongwa na kutolewa, ubao ukapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Ubao mmoja ulitoa nakala nyingi, na mtu asiyeweza kununua mchoro wa rangi aliweza kununua karatasi.

Mwaka 1494 alimwoa Agnes Frey. Hawakujaliwa watoto. Agnes ndiye aliyebeba nakala za mumewe na kwenda kuziuza sokoni na kwenye maonyesho ya biashara, hata mji wa mbali wa Frankfurt. Sifa zikaenea, na waigaji wakaja nyuma yake. Dürer alikuwa akitia alama ya herufi A na D kwenye kazi zake, na wapo waliouza kazi zao wakiwa wameiweka alama hiyohiyo. Mwaka 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilichukua hatua dhidi ya muuzaji wa picha za namna hiyo.

Kwa watu wa Serengeti, kazi yake ya kuangaliwa kwanza ni faru. Mwaka 1515 faru kutoka India alifikishwa Lisbon, Ureno. Dürer hakumwona, alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akachora wa kwake. Faru huyo ana ngozi kama mabati ya vita, na begani ana kipembe kidogo ambacho hakuna faru aliye nacho. Pamoja na hayo, Ulaya iliendelea kuitumia picha hiyo kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1520 alifunga safari kwenda nchi za Uholanzi na Ubelgiji ya sasa, kwa sababu mfalme aliyekuwa akimlipa posho ya kila mwaka alikuwa amefariki na mrithi alitakiwa kuithibitisha. Akiwa huko alisikia kwamba nyangumi ametupwa ufukweni Zeeland, akaenda kumtazama. Alipofika, maji yalikuwa yameshamchukua. Alichorudi nacho ni homa iliyomrudia mara kwa mara, na wengi wanaoyachunguza maisha yake hudhani ilikuwa malaria. Upo mchoro wake akijionyesha kwa kidole sehemu inayouma, upande wa kushoto wa tumbo, penye bandama.

Kitabu chake cha vipimo kilitoka mwaka 1525. Kwa maoni yetu, kina uzito kuliko picha zake zote. Elimu ya maumbo wakati huo ilikaa ndani ya Kilatini, lugha ya wasomi. Dürer aliandika kwa Kijerumani, akiwalenga masonara, wachoraji, waashi na maseremala. Maneno yalipokosekana aliyaunda kutokana na vitu vya nyumbani: duara lililorefuka akaliita mstari wa yai, na mstari unaojizungusha akauita mstari wa konokono. Hata fundi asiyejua Kilatini aliweza kuyaelewa.

Humo ndani alichora maumbo yakiwa yamekunjuliwa na kulazwa bapa, kama fundi cherehani anavyotandaza paterni kabla ya kushona. Ndicho kitabu cha kwanza kinachojulikana kuchapisha michoro ya namna hiyo. Umbo la pande 12 huonekana kama maua mawili yaliyoshikana: kila ua ni pembetano moja iliyozungukwa na nyingine tano. Pembetano zenye upande wa sentimita 3 zinatosha kwenye karatasi moja ya A4, na ukikunja unapata kitu chenye kimo cha karibu sentimita 7.

Kwa nini karatasi inainuka? Kila kona wanakutana pembetano tatu, kila moja ina pembe ya nyuzi 108, jumla 324. Mzunguko kamili ni nyuzi 360. Linabaki pengo la nyuzi 36, na ukilifunga karatasi haina budi kusimama.

Kwenye dadu, panga namba ili pande zinazotazamana zijumlishe 13: Januari na Desemba, Februari na Novemba, hivyo hivyo hadi Juni na Julai. Masikio ya gundi yagawanye sawa, maana upande mzito utaelekea kulala chini mara nyingi zaidi na mchezo utakuwa wa wizi. Dadu hii si sawa na dadu mbili za ludo. Zile mbili hutoa 12 kwa njia moja tu kati ya 36, na 7 kwa njia sita, wakati 1 haitoki kamwe. Hii ya pande 12 inaipa kila namba nafasi moja.

Dürer alifariki Nuremberg tarehe 6 Aprili 1528, akiwa na miaka 56. Kitabu chake kingine, kuhusu vipimo vya mwili wa binadamu, kilitoka mwaka huohuo baada ya mazishi. Kile cha 1525 kilikuja kutafsiriwa kwa Kilatini, ili wasomi wasiojua Kijerumani nao wapate kukisoma.