Joseph Fourier, mutoto wa fundi wa nguo

Ndugu zetu wa chini ya udongo wanajua joto kuliko wakubwa wa ofisini. Lakini mutu aliyeitafutia hesabu yake ni Mufaransa, Joseph Fourier, aliyezaliwa Auxerre mwaka 1768. Baba yake alikuwa fundi wa nguo. Akiwa na miaka kumi hivi, alikuwa yatima wa baba na mama. Watawa ndio walimusomesha.

Mwaka 1794, wakati wa mapinduzi, walimutia gerezani. Akatoka. Mwaka 1798 akaenda Misri pamoja na Bonaparte, na kisha yule akamupa kutawala jimbo la Isère, pale Grenoble. Kule alisikilizana na vijiji vingi mpaka vikakubali mabwawa ya Bourgoin yakaushwe. Sisi wa sendika tunajua kazi kama ile ni nguvu namna gani!

Ni katika miaka ile ya ofisi alianza kuandika juu ya joto. Tuseme una fimbo ya chuma. Pasha ncha moja: katikati joto inapanda digrii 10. Acha ipoe, pasha ncha ingine: inapanda 5. Pasha zote mbili pamoja: 15. Kila moto unafanya kazi yake kama vile mwenzake hayupo, na mwisho unajumulisha tu. Joto unayoingiza ikiwa mara mbili, ile 10 inakuwa 20. Kitu cha namna hii wahandisi wanakiita lineari. Basi Fourier akasema: joto ikiwa imetawanyika namna yoyote, igawe mu mawimbi rahisi, tafuta kila wimbi linapoa namna gani, kisha jumulisha.

Mwaka 1807 alipeleka kazi yake Paris. Mukubwa Lagrange akakataa, juu hakuamini kama mawimbi laini yanaweza kuunda umbo lenye pembe kali. Mwaka 1812 walimupa zawadi, lakini pamoja na lawama. Kitabu kilitoka 1822 tu, miaka 15 nyuma, Lagrange alishakufa! Fourier mwenyewe alikufa Paris mwaka 1830.

Leo mafundi wanapima mutetemeko wa pampu, wanaugawa mu mawimbi yake, wanajua kipande gani ya ndani inaanza kuharibika.

Lakini kuna mpaka. Ampli ya mukutano, kama haijazidishwa, inatoa sauti za watu wawili zikijumulishwa tu. Ukipandisha kupita nguvu yake, baflu inapasua, kunatoka makelele ambayo hakuna mutu aliyasema. Hapo si lineari tena. Fundi anashusha sauti kwanza, ndiyo anatafuta waya mubaya.