Kinsey: Mtaalamu wa nyigu aliyebuni kipimo cha mapenzi

MTAALAMU wa wadudu Alfred Charles Kinsey ndiye aliyewapa watafiti kipimo mashuhuri cha mvuto wa kimapenzi baina ya binadamu, kipimo ambacho kingali kinazua mjadala zaidi ya nusu karne tangu afariki.

Kinsey alizaliwa Juni 23, 1894 mjini Hoboken, jimbo la New Jersey, Marekani, katika familia ya Kimethodisti iliyoshika dini barabara. Babake, mwalimu katika chuo cha uhandisi mjini humo, alitaka mwanawe awe mhandisi.

Kijana alivumilia miaka miwili, kisha akakaidi na kwenda Chuo cha Bowdoin alikosomea biolojia na saikolojia. Alipata shahada ya uzamifu Harvard mnamo 1919, na mwaka uliofuata akaanza kufunza katika Chuo Kikuu cha Indiana.

Kwa muda wa takriban miaka 20 alikusanya na kupima nyigu wadogo wanaosababisha uvimbe kwenye mialoni. Kazi hiyo ilimfunza kwamba viumbe wa aina moja hutofautiana mno, na kwamba maumbile hayana mipaka ya wazi kama ile inayochorwa na wanadamu.

Mnamo 1938 chuo hicho kilianzisha somo kuhusu ndoa, naye akaliongoza. Wanafunzi walimuuliza maswali ambayo vitabu havikuwa na majibu yake, naye akaamua kuyatafuta kwa kuwahoji watu.

Yeye na wenzake hatimaye waliwahoji watu wapatao 18,000. Majibu yaliandikwa kwa ishara za siri, na kwa sababu nzuri. Wakati huo mapenzi ya jinsia moja yalikuwa hatia katika kila jimbo la Marekani, na madaktari waliyahesabu kuwa ugonjwa. Siri ikifichuka, mtu angepoteza kazi au kutupwa jela.

Katika kitabu chake cha 1948 kuhusu wanaume, Kinsey alieleza kipimo cha kuanzia 0 hadi 6. Sufuri ni anayeelekea jinsia tofauti pekee, 6 ni anayeelekea jinsia yake pekee, na 3 yuko katikati. Mtafiti ndiye aliyempa mtu namba kulingana na matendo na hisia alizosimulia, na namba hiyo ingeweza kubadilika maishani.

Hivyo basi, hakupima utambulisho, yaani jinsi mtu anavyojiita. Hata hivyo, wengi waliichukua namba kama jina la mtu. Aliandika kuwa asilimia 10 ya wanaume Wazungu aliowachunguza walikuwa karibu 6 kwa angalau miaka mitatu baada ya kutimu umri wa miaka 16. Umma ukatafsiri kuwa mtu mmoja kati ya kila 10 ni shoga.

Lawama nyingine zilimstahili. Mnamo 1954 wanatakwimu Cochran, Mosteller na Tukey, ingawa waliisifu bidii yake, walionyesha kuwa waliohojiwa hawakuteuliwa kwa bahati nasibu. Wafungwa nao walikuwa wengi kupita kiasi. Doa zito zaidi ni kwamba alitumia maelezo ya mtu aliyewadhulumu watoto kingono.

Kitabu chake cha 1953 kuhusu wanawake kilizua ghadhabu, na mwaka uliofuata Wakfu wa Rockefeller ukasitisha ufadhili. Alifariki Agosti 25, 1956 akiwa na umri wa miaka 62.

Wanasaikolojia waliomfuata walitenganisha alichokichanganya. Mnamo 1978 Fritz Klein alitoa jedwali lenye vigezo saba, kikiwemo jinsi mtu anavyojitambulisha. Leo watafiti huuliza mambo matatu mbalimbali: mtu anavutiwa na nani, ametenda nini, na anajiita nani. Majibu hayo mara nyingi hayalingani, na anayeyajumlisha kwa namba moja huishia kuhesabu watu asiowajua.